Mstari Mwembamba Kutoka Kashebere

Ninyi vijana mkiona seva imekuwa nzito, jambo la kwanza ni kuizima na kuiwasha tena. Nimewaona kwa macho yangu. Nilipopita ofisini juzijuzi kuwasalimia, mmoja wenu alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe, nikamshika mkono kama mama anayemzuia mtoto asiguse jiko. Alikasirika. Na mimi nilikasirika, tena zaidi yake. Basi nimeona afadhali niandike, maana nikisema kwa mdomo nitafoka, na mtu akifokewa hasikii kitu.

Mimi ni Mama Neema, mtu wa Walikale, na nilizeeka nikiangalia seva ya faili huko Masisi, miaka ya vita. Ofisi yetu ilitafuta familia za watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Mtoto akipatikana alipigwa picha, amesimama ukutani, kibao cha namba kifuani. Chini ya picha tuliandika lolote tuliloweza kulijua: lugha anayosema, jina analomwitia mama yake, kovu, wimbo anaoujua. Vyote vilikaa kwenye seva hiyo, katika volumu tuliyoiita Picha.

Volumu, kwa asiyeijua kazi hii, ni kama chumba kimoja ndani ya ghala. Ghala lina diski kadhaa zinazozunguka, lakini mtu aliye mbele ya kompyuta yake hazioni diski, anaona chumba chenye jina tu. Wenzetu wa ofisi ndogo ya Kashebere, ng'ambo ya Walikale, waliingia chumba hicho hicho kwa njia ya antena. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama chumba kinawahudumia watu au kinawatesa.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya kuangalia nafasi. Kila asubuhi nilifungua ukurasa, nikaona Picha haijajaa, nikaenda kunywa chai yangu kwa amani. Aliyenitoa katika ujinga huo ni Papa Kambale, fundi wetu mkuu, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo waliokuwa na makamyo, yaani malori. Kabla ya kompyuta alikuwa ameendesha makamyo ya baba yake kwenye barabara ambazo hata mbuzi anazifikiria mara mbili. Siku hiyo watu walikuwa wanalalamika kwamba picha hazifunguki, nami namwambia kila anayekuja kwamba nafasi ipo.

"Mama Neema," akasema, "uko unaangalia nini pale?"

"Niko naangalia nafasi, Papa. Iko ya kutosha."

"Nafasi! Barabara ya Kashebere njo haina nafasi? Iko nayo, kushota na kuume. Sasa juu ya nini makamyo inalala mu matope?"

Kwetu njo ni ndio, na juu ya nini ni kwa nini. Akavuta kiti.

"Usiulize kama barabara iko munene. Uliza muntu anangoja muda gani. Kamyo moja ikikwama, ya pili inaingia nyuma, ya tatu inaingia nyuma, na hakuna ata moja inapita. Angalia foleni. Angalia muda wa kujibu. Ile njo kazi."

Tokea siku ile niliacha kuanza na nafasi. Nilianza na muda ambao diski inachukua kumjibu mtu mmoja aliyeomba kitu kimoja. Na hapo pana mtego ambao ninyi mnaupenda sana, wastani wa siku nzima. Wastani ni mwongo mwenye sura nzuri. Seva ikilala asubuhi yote na kukosa pumzi saa za mchana, wastani utakuambia kwamba iko sawa. Mimi nilitazama pale inapokosa pumzi, na inadumu hivyo kwa muda gani, kwa sababu kushtuka mara moja si ugonjwa, lakini kukaa juu na kukataa kushuka ni ugonjwa.

Papa Kambale alinifundisha pia kuijua sura ya kawaida ya seva yangu, nayo haifundishwi kwenye kitabu chochote. Mchana kila siku mstari wa kusoma kwenye kioo changu, ule unaoonyesha faili zinazochukuliwa, ulipanda kama kichuguu. Nilihangaika nao sana, nikabadilisha nyaya, nikaomba ratiba ya kuchukua nakala za akiba ibadilishwe. Kumbe mhasibu wetu alikuwa ameficha filamu za mpira katika chumba cha Picha, na wakati wa kula idara nzima ya usafiri ilizitazama kila mtu kwenye kompyuta yake. Nilipowafumania waliniambia kwa heshima kabisa kwamba nusu fainali ilikuwa haijaisha. Nilizifuta zote, na kwa muda mrefu hakuna dereva aliyenipa lifti.

Jambo la tatu alilisisitiza mpaka nikamchoka. Kusoma na kuandika ni mistari miwili, na usiijumlishe kamwe.

"Muntu anabeba bintu kutoka mu depo, muntu mwingine analeta," alizoea kusema. "Ukiwahesabia pamoja utasema mulango uko na bantu mingi, basi. Hautajua depo inajaa ao inaisha."

Nilimwitikia tu ili aniache nifanye kazi. Sikujua bado kwamba siku moja nitalikumbuka neno hilo huku kuta zinatetemeka.

Sasa niwaeleze habari ya mafurushi, maana bila hiyo hamtaelewa lolote.

Masisi ya wakati ule kila nyumba ilikuwa na furushi karibu na mlango. Sufuria moja, kitenge, unga kidogo, karatasi za shule. Furushi halifunguliwi. Ukisikia jambo, unalibeba na kuondoka. Watu wa ofisi yetu walikuwa watoto wa nyumba hizo, wakaleta desturi hiyo kazini bila kuamriwa na yeyote. Kila mmoja alikuwa na flashi au diski ndogo ya nje ndani ya mfuko wake, na habari mbaya ikinong'onwa tu, kabla hata ya kuuliza ni nani anapigana na nani, alikuwa ameshaichomeka na kuanza kunakili. Lilikuwa furushi la faili.

Mimi niliyekuwa nimekaa mbele ya mistari yangu nililiona jambo hilo kabla ya wote. Asubuhi tulivu, hakuna ripoti ya kutoa, na mstari wa kusoma unainuka polepole kutoka Kashebere. Mara ya kwanza nilidhani ni mhasibu na mpira wake tena. Jioni tukasikia kwamba watu wa Kashebere wamekimbilia msituni. Mara ya pili nilitilia shaka. Mara ya tatu nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, Papa Innocent, nikamwambia, "Kashebere beko na woga." Akapiga simu, ikawa kweli. Kuanzia hapo kila asubuhi alichungulia chumbani kwangu kabla ya kusikiliza redio. Sikuifurahia sifa hiyo. Nilikuwa nafika kazini nikiomba mistari ilale.

Ikafika siku yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana na imekatika. Lazima mjue kwamba seva ilikuwa mgonjwa: diski moja kati ya nne ilikuwa imekufa, na mpya ilikuwa imekwama njiani pamoja na kamyo lililoibeba. Diski zilizobaki zilifanya kazi ya mwenzao, yaani kila ukiomba picha ambayo sehemu yake ilikuwa kwenye ile iliyokufa, zile tatu zililazimika kukaa na kuikokotoa upya. Siku tulivu hukugundua. Nakala yetu ya mwisho iliyokuwa salama Goma ilichukuliwa kabla ya kundi kubwa la watoto waliotoka Walikale. Watoto hao hawakuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye Picha. Wengi wao tulikuwa tumeshawapeleka kwa familia za kuwalea, huku na huku milimani. Picha zikipotea, hakuna ambaye angejua tena nani ni nani na yuko kwa nani.

Mstari wa kusoma ukainuka. Si polepole kama siku zote. Ulisimama wima.

Kabla sijainuka kitini tulisikia mlipuko upande wa juu, nyuma ya mlima, kisha mwingine. Papa Innocent akatoka barazani akipiga makofi, akasema magari yako tayari langoni, kila mtu achukue furushi lake. Na kila mtu akachukua. Vyumba vyote, mezani kote, flashi zikachomekwa.

Nikatazama muda wa kujibu. Ulikuwa unapanda na haukutaka kusimama. Foleni ikawa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Nikafungua orodha ya waliomo chumbani, na moyo ukaniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa anaokoa vitu vyake mwenyewe. Mhasibu hakuchukua mahesabu. Dereva mkuu hakuchukua ratiba zake. Wote walikuwa wanainakili Picha. Wote, chumba kizima, kila mtu peke yake, kila mtu akijiambia kwamba asipowabeba yeye wale watoto, nani atawabeba. Diski tatu zilizobaki zinaruka huku na huku kumtumikia kila mmoja kipande, na hakuna aliyekuwa anamaliza.

Dada Kahindo, aliyewahoji watoto wote wa Walikale na kuwajua kwa sauti, alikuwa meza ya jirani, machozi yanamtoka.

"Mama Neema, haisogei! Niko na bale badogo, haisogei kabisa!"

Papa Innocent akaingia. Hakuwa mtu wa kompyuta lakini alikuwa na akili ya haraka. "Wafungie bote," akasema. "Kopi moja tu, yako. Nyuma ya ile tunaenda. Mbio, Mama."

Amri ilikuwa sahihi, hata Papa Kambale angetoa hiyo hiyo. Kuna njia moja ya kuwatoa watu wote kwa mpigo mmoja, nami nilikuwa nimeshaifikia, kidole kiko juu yake. Nikatazama mistari mara ya mwisho, kwa mazoea tu.

Chini kabisa ya ule ukuta wa kusoma kulikuwa na mstari mwingine. Mwembamba. Unatambaa, unasimama, unatambaa tena. Ulikuwa mstari wa kuandika.

Nani anaandika saa hizi? Masisi nzima ilikuwa inabeba. Nikashuka kwenye orodha, nikamkuta: Kashebere, jina la Ombeni. Ombeni alikuwa mpiga picha wetu kule, mwanamume mpole mwenye mke na binti mdogo, na wiki ile alikuwa amepokea watoto wapya waliotoka msituni. Alikuwa anawaleta. Kila picha yake ilibisha hodi kwenye diski, ikangoja nyuma ya foleni yetu, ikachoka, ikarudi kubisha upya. Nikampigia simu. Haikuita hata mara moja. Minara ilikuwa imeshakufa, ilibaki antena yake tu.

"Mama, unangoja nini?" Papa Innocent akauliza.

"Kuko muntu anaandika."

"Nani?"

"Ombeni."

Nikaliacha lile pigo la mara moja, nikaanza kuwatoa mmojammoja kwa jina, nikimruka yule wa Kashebere. Kila niliyemtoa alijaribu kuingia tena, kwa sababu furushi lake halikuwa limejaa. Ikabidi nisimame nipige kelele korido nzima.

"Chomoeni! Bote, chomoeni!"

"Miye hapana," Kahindo akasema, ameishika diski yake kwa mikono miwili. "Nikichomoa, bale batoto watabaki."

"Kahindo, weye njo unawabakisha! Chomoa!"

Alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau. Kisha akachomoa. Sijutii kumfokea, na yeye mwenyewe hakuniomba nijute. Wengine walipomwona Kahindo amechomoa, wakachomoa.

Mstari wa kusoma ukaanguka. Muda wa kujibu ukashuka, ukashuka, na ule mstari mwembamba wa Kashebere ukajinyoosha ukaanza kupanda, kama kamyo lililopata kokoto chini ya gurudumu. Picha zake zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Sikuzifungua. Nilikuwa naona zinaingia, basi.

Hapo ndipo ulipoanza mngojeo mbaya kuliko wote maishani mwangu. Ningeanza kunakili, ningeirudisha foleni na kumzuia Ombeni. Nisingeanza, huenda tungezikosa picha zote. Mlipuko mwingine ukaja, karibu zaidi, taa zikazimika, na seva ikahamia kwenye betri, ikalia ile sauti yake ya kuonya. Nje madereva walipiga honi. Dereva mkuu akaja mpaka mlangoni.

"Shefu, barabara ya Sake itafungwa. Tuende sasa."

Nilidhani Papa Innocent atanishika mkono anitoe. Alikuwa na haki hiyo, maana ofisi nzima ilikuwa juu ya kichwa chake. Akamwambia dereva, "Gari ya kwanza iende na bantu. Ya pili itangojea Mama." Halafu akaegemea ukuta, akafumba macho, nikaona midomo yake inasali.

Mstari ukasimama.

Vijana, sikilizeni hapa, maana hili litawafaa. Mstari wa kuandika ukisimama haukuambii kama mtu amemaliza au amekatwa. Yote mawili yanafanana, ni kimya kile kile. Nenda kwenye orodha ya faili zilizo wazi. Aliyekatwa huacha faili wazi, jina lake likaning'inia bila mwenyewe. Aliyemaliza hufunga, na akitoka, jina lake hutoka naye. Nikatazama. Hapakuwa na faili iliyo wazi. Jina la Ombeni halikuwapo. Alikuwa amefunga mlango mwenyewe.

Nikaanza nakala yangu. Msomaji mmoja, mstari mmoja, hakuna wa kumrukia mwenzake, na zile diski tatu zilikimbia kama hazijawahi kuugua. Betri ililia mpaka mwisho. Nakala ilipokamilika nilijifunga diski tumboni kwa kitenge, chini ya nguo, na Papa Innocent akanisukuma garini kama gunia la viazi. Seva yenyewe hatukuiona tena.

Tulifika Kirotshe, ziwani, tukiwa matope matupu. Kesho yake Kahindo nami tulifungua Picha kwenye kompyuta ya kuazima. Watoto wote wa Walikale walikuwapo, na wale wapya wa Ombeni pia. Kahindo alikuwa anawataja mmojammoja kwa sauti, kama mtu anayeita watoto wake kuja kula. Tukafika picha ya mwisho, akaweka kidole kwenye kioo.

Alikuwa Asifiwe, binti wa Ombeni. Amesimama ukutani kama wengine, kibao kifuani, viatu vyake vya kanisani miguuni. Pembeni ya picha ulionekana mkono wa mtu mzima, bila shaka wa mama yake, umemshika bega. Chini baba yake alikuwa ameandika: "Huyu hajapotea bado. Eko na mimi. Jina Asifiwe. Anaogopa mvua."

Nililia, sifichi. Mtu amempiga mtoto wake picha ya waliopotea wakati bado anaye.

Na alipotea. Katika kukimbia, kwenye kivuko cha mto, watu walisukumana, na mtoto akabebwa na wengine walioshuka kuelekea Bweremana. Hayo tuliyajua baadaye. Sisi tulichapisha picha zote na kuzitundika sokoni Bweremana, jirani na Kirotshe, ambako wakimbizi wengi walifikia, ya Asifiwe ikiwa katikati kwa kuwa hatukuwa na habari za Ombeni. Siku nyingi hakuna aliyeitambua. Halafu mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaja, beseni kichwani, akaitazama, akaweka beseni chini.

"Huyu eko kwangu," akasema. "Hasemi kitu. Ila mvua ikianza, analia."

Ombeni na mkewe walitokea msituni baadaye sana, miguu imevimba, hawana kitu mkononi. Nilikuwapo Asifiwe alipoletwa. Sitaelezea, kuna mambo si ya kuandikwa. Jioni tulikaa barazani kwa yule mama wa sambaza, mtoto juu ya mapaja ya baba yake, anakula samaki kwa vidole viwili, hataki kushushwa.

"Mama Neema," Ombeni akasema, "siku ile ilikuwa nzito, nzito. Nikasema basi, Masisi wamenikata. Nyuma yake ikafunguka. Ulijua namna gani ni miye?"

"Mwanzo sikujua ni weye. Niliona tu bote walikuwa wanabeba, na muntu mumoja peke njo alikuwa analeta."

Akatikisa kichwa, akamfuta mtoto mafuta mdomoni. Mvua ikaanza kupiga mabati, na Asifiwe akaingiza kichwa ndani ya shati la baba yake.